Salamu kwa Mwenye Redio

Juzi nilipeleka kadi ya salamu kwenye redio moja hapa Machakos. Mbele yangu mama mmoja aliomba itangazwe kwamba baruti za machimbo ya mawe zimepasua nyumba yake.

"Machimbo gani?" msichana wa mapokezi akauliza.

Mama akayataja. Msichana akairudisha karatasi yake polepole, kwa kidole kimoja.

"Hiyo hatuwezi soma, mama."

"Kwani hii redio ni ya nani?"

"Hata sisi hatujaambiwa. Tuliambiwa tu vitu hapendi kusikia."

Mama akanunua kadi, akaandika: "Salamu kwa mwenye redio, popote alipo. Nimebaki na kuta tatu."

Redio hiyo hujitangaza kuwa huru kabisa. Jioni ilisoma kadi yangu yote, hata jina la mbuzi wetu. Ya mama bado naisikilizia.