Kichwa Kilichoshuka Kwenye Treni ya Kabalo

Mushaona watu wakilia matanga ya kichwa cha plastiki?

Mimi niliona. Hapa hapa Kalemie, wakati wa Zaire. Na kidogo tu bwana yangu auawe sababu yake.

Mimi ni Henriette. Bwana yangu Ngoy alikuwa mupiga radio hospitalini, ile mashini inayoonyesha mifupa. Alikuwa anafundisha vijana kazi ile, na huwezi kumulaza mugonjwa chini ya mashini asubuhi mpaka jioni eti wanafunzi wajaribu. Akaomba Ulaya wamutumie kichwa cha kujifunzia. Unakilaza, unapiga picha, unakosea, unarudilia. Hakilalamiki.

Kikakuja, kwa treni ya Kabalo.

Pale gare, kituo cha treni, wabebaji wakaangusha kesi, lile sanduku la mbao, likapasuka. Kichwa kikabingirika mpaka kwenye miguu ya Mama Bertille.

Jamani, kati ya watu wote!

Mutoto wa Mama Bertille, Symphorien, alipanda treni kwenda Kabalo kuuza samaki, akapotelea huko. Hakuna habari, hakuna maiti. Kila treni ikiingia, mama alikuwa pale, anachungulia behewa kwa behewa.

Na wakati ule muji muzima ulikuwa unaogopa batumbula, wale wanaosemwa wanakamata watu na kuwauza kwa Wazungu.

Mama Bertille akakiangalia kile kichwa. Rangi ya kahawia, macho yamefungwa. Akavua kitenge cha mabegani, akakifunika, akakaa chini nacho mapajani.

"Yoo, Symphorien! Mutoto yangu! Njo vile walikufanya?"

Wanawake wakakaa chini pembeni yake. Matanga ikaanza palepale, kando ya reli.

Wanaume wakauliza, "Muzigo huu ni wa nani?"

Bwana yangu akajitokeza, karatasi mukononi. "Ni wangu."

Ee Mungu! Muntu na masomo yake yote! Ningekuwa karibu ningemuziba mudomo.

Habari ikanifikia nyumbani, nikakimbia; nilipofika gare, walikuwa wamemufunga mikono na kamba ya nyavu. Shati imepasuka, damu mudomoni.

"Mutumbula! Tumutupe mutoni Lukuga!"

Nililia, nilipiga magoti, hakuna aliyenisikia. Nikamukamata miguu Papa Alphonse, shefu wa kartie yetu, mukubwa wa mutaa.

"Papa, naapa kwa watoto wangu, ile ni plastiki tupu! Muipitishe kwenye radio! Mukikuta mufupa wa muntu, mututupe mutoni sisi wawili!"

Papa Alphonse akainua mukono. "Mama amesema vizuri. Twende hospitali."

Nikamugeukia bwana yangu, nikifikiri atanishukuru. Alikuwa ananitikisia kichwa.

Njiani akaninong'oneza, "Henriette, umeniua."

"Namna gani?"

"Plastiki ni ya nje tu. Ndani kuko fuvu la muntu wa kweli. Vichwa hivi wanavitengeneza vile, mifupa ionekane sawasawa kwenye picha."

Mimi mwenyewe, kwa mudomo wangu! Nilitaka kupiga kelele nirudishe maneno, lakini umati ulikuwa unatusukuma.

Kule hospitali mwanafunzi wa Ngoy, Léonie, njo alipiga picha. Akaileta dirishani, bado inatiririsha maji ya kuisafishia.

Fuvu lilikuwa pale. Matundu ya macho, taya, meno yamepangwa vizuri.

Watu wakanguruma. Muntu akamukaba Ngoy shingo. Nikamurukia, nikamuuma mukono, nikapigwa kofi nikaanguka.

"Nipisheni."

Alikuwa Mama Bertille. Kichwa amekirudisha kifuani. Akasogea mpaka kwenye picha, akaweka kidole juu ya meno ya mbele. Akayahesabu moja moja.

Angenyamaza tu, angekuwa na kitu cha kuzika.

"Symphorien hakuwa na meno haya," akasema. "Aliyavunja kwenye mutumbwi, tangu utoto. Huyu anayo yote. Si wangu. Mumufungue huyu baba."

Wakamufungua. Na Mama Bertille akaanguka chini, akalia kuliko pale gare. Yani alikuwa amemupata mutoto, na sasa amemupoteza tena.

Alipotulia, akamuuliza bwana yangu, "Baba, huyu ni wa nani?"

"Sijui, mama. Kule Ulaya hawakuandika."

"Mama yake anajua mutoto wake iko hapa?"

Mimi njo nilianza kulia.

Kichwa kilibaki hospitalini kwa kazi. Lakini Mama Bertille aliomba ile picha, akaifunga ndani ya kitenge chake, tukaenda kuichimbia shimo kule makaburini. Hata yule aliyenipiga kofi alishika jembe. Tukaimba, tukatupa udongo, matanga ikaisha.

Nilifikiri amepumzika.

Treni ya Kabalo ilipoingia tena, nilimukuta palepale, anachungulia behewa kwa behewa.

"Mama, si tulishazika?"

Akaniangalia kama mimi njo mutoto.

"Yule nilimulilia kwa niaba ya mama yake. Wangu bado."

Ndugu zangu, mimi niliapa mbele ya mama analia kwamba ndani ya kile kichwa hamuna muntu, na muntu alikuwa mule. Musiape haraka. Angalieni ndani kwanza.