Boti ya Baba na Ng'ombe wa Mama

Harufu ya vanishi ikinipata popote, hata mlangoni kwa fundi seremala, nakumbuka uwanja wetu wa Karatu wakati wa kiangazi: vumbi jekundu, kuku wanaoparura chini ya mhindi uliokauka, na katikati ya uwanja, juu ya trela, boti. Ndiyo, boti. Najua wenzangu wa huku watacheka, maana sisi ni watu wa mahindi, ngano na kahawa. Ziwa Manyara tunalitazama kwa mbali huko chini bondeni, na lenyewe ni la magadi na viboko, si la kwenda kuchezea. Lakini baba yangu alikuwa fundi wa boti. Majirani walimwita Nuhu, na kila aliyepita njiani hakukosa la kusema. "Shikamoo Mzee Nuhu, gharika lini?" Baba aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaendelea kupiga msasa.

Kazi hiyo hakuitafuta, ilimfuata. Alijifunza ufundi wa injini kwenye karakana ya shamba moja la walowezi, upande wa Oldeani, na huko ndiko alikoziona boti kwa mara ya kwanza. Wazungu wale walikuwa na mchezo wao wa sikukuu. Mtu anavaa mbao mbili miguuni, anashika kamba, boti inamvuta kwa kasi naye anateleza juu ya maji amesimama wima. Baba alipotusimulia tulidhani anatania. Waliziburuta boti zao kwa Landrova hadi Ziwa Duluti karibu na Arusha, au hadi Naivasha wakati mpaka wa Kenya ulipokuwa wazi. Miaka ya sabini ilipofika katikati, walowezi wengi waliuza au waliacha mashamba wakaenda zao, na boti zikabaki kwenye mabanda, zimefunikwa magunia ya kahawa, panya wamezaliana ndani ya viti. Hakuna aliyezitaka. Baba alizitaka.

Boti zenyewe hazikuwa zile za injini ya kuning'inizwa nyuma. Injini ilikaa ndani, katikati, kubwa kama ya lori dogo, imefunikwa kasha la mbao, na chuma kirefu kilipita sakafuni kwenda kuzungusha pangaboi chini ya maji. Kwa hiyo aliyejua gari aliweza kuijua boti, ndivyo baba alivyosema. Alinunua ya kwanza, akaing'oa injini, akaiosha kwa mafuta ya taa, akabadilisha plagi na gasketi, akatupa sakafu iliyooza na kuweka mbao mpya, akapaka vanishi. Mama alishona viti upya kwa cherehani yake, kwa ngozi ya plastiki nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya viti vya basi. Baba akamuuzia mtu wa Arusha. Ya pili ikaenda Mwanza juu ya lori la pamba. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, nina miaka kumi hivi, na sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila baba ana boti uwanjani.

Ya tatu ndiyo iliyotuletea balaa. Ilikuwa nzuri kuliko zote, ganda lake la faiba halina hata ufa, na baba alipoiona alipagawa, mimi sina neno lingine. Aliyeachiwa banda ilimokuwa alikuwa msimamizi wa shamba, Mzee Gwandu, mtu mpole lakini hakuwa mjinga. Noti hakuzitaka. Alimtaka Sista. Sista alikuwa ng'ombe wa mama, si wa nyumba, wa mama mwenyewe. Baba yake alimpa alipoolewa, kutoka zizi lao la Endabash. Tulimwita Sista kwa sababu ya kichwa chake cheupe juu ya mwili mweusi, kama watawa wa misheni. Alitoa maziwa ya kutosha sisi watoto watatu na kibuyu kimoja cha kuuza, na ukimkamua alikugeukia akakunusa shingoni. Makubaliano yalikuwa hivi: Sista ataenda kukaa kwa Gwandu mpaka kahawa ya mwisho ichumwe. Baba akiuza boti kabla ya hapo, atampelekea Gwandu mitamba wawili na kumchukua Sista. Asipouza, Gwandu akimaliza kazi atahamia kwao Mbulu, na Sista ataondoka naye.

Mama aliulizwa, nisimsingizie baba. Alikuwa anafunga uzi kwenye sindano, akasema, "Wewe ndiye unayejua kazi yako, Baba Martina." Akaendelea kushona. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba mwanamke anaweza kusema hivyo na asiwe amekubali. Asubuhi Gwandu alipokuja na kamba, mama alikwenda shambani mapema kuliko kawaida. Tangu siku hiyo chai ikawa ya rangi, na mdogo wangu Petro, aliyekuwa bado mdogo sana, alikuwa anakipiga kikombe chake mezani akidai maziwa. Mama alimsogezea sukari.

Sasa tatizo la boti ya aina ile ni kwamba injini yake haina rejeta kama gari. Inapoozwa na maji ya ziwa. Pampu ndogo inayavuta kutoka nje, inayapitisha kwenye injini, yanatokea nyuma kwenye ekzosi. Ndani ya pampu hiyo mna kidude cha mpira, mviringo, chenye meno laini, na mpira huo ukizunguka bila maji huungua mara moja. Ziwani hakuna wasiwasi. Karatu baba alikuwa anaingiza bomba la mpira kwenye pipa lililojaa maji, na kazi ya kulijaza pipa ilikuwa yangu. Kuiwasha pia akanifundisha. Nilikuwa na mkono mzuri wa swichi, aliwaambia watu, kuliko hata mafundi wenzake wa zamani kule karakana. "Tazama nyuma," alikuwa anasema. "Usipoona maji yanatoka, zima. Usifikiri, zima." Maji yaliyotoka yalikuwa ya moto na yana mafuta, hayakufaa hata kwa mbuzi, yalimwagika tu kwenye vumbi. Mama alipokuwa anapita akiona yale maji yanapotea, alikaza kitenge chake kiunoni na kupita.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kibaya. Bomba la kijiji lilitoa hewa wiki nzima, na wanawake walikuwa wanashuka korongoni na punda, wanatoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Kahawa nayo ilikuwa inakaribia kwisha. Ndipo akapatikana mnunuzi, mfanyabiashara wa Babati aitwaye Bwana Kimaro, aliyetaka boti ya kuvushia watu na mizigo ziwani kwao. Mambo ya kuteleza na kamba hakuwa na habari nayo. Baba alikwenda Babati kuzungumza naye. Wakapatana kwamba Bwana Kimaro angekuja na gari lake Jumamosi, aione, na ikimridhisha aivute siku ileile. Kabla ya kuondoka baba aliniachia agizo. "Ijumaa ukitoka shule iwashe dakika tano, Martina. Imekaa sana. Sitaki kesho yake initie aibu mbele ya mgeni. Na pipa kwanza!"

Ijumaa nilirudi nikamkuta mama amelala kwenye mkeka, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini. Alitoka korongoni na madebe manne. Mawili yalishatumika. Mawili yalikuwa kando ya mlango, yamefunikwa majani ili yasimwagike, na nilijua ni ya kupikia mgeni na ya kunywa sisi mpaka Jumapili. Pipa lilikuwa tupu kabisa, lina ukungu mkavu chini. Nilisimama pale mlangoni na debe tupu mkononi kwa muda. Nilitakiwa kumwamsha, nimwambie, mama, naomba yale maji niimwagie boti. Ile boti iliyomla ng'ombe wake. Kumwogopa sikumwogopa, mama hakuwa mkali. Nilimwonea haya. Hata jina la boti sikutaka kulitamka mbele yake.

Nikajishauri kwa akili yangu ya kitoto. Baba alisema dakika tano, nikaona nikiiwasha mbili tu bila maji haitajua. Nikapanda, nikageuza swichi, ikaitika mara ya kwanza, nikajisifu. Nikawa nahesabu kwa sauti. Sikufika hata mia moja. Moshi mweupe ukapanda pembeni ya kasha, na harufu ya mpira kuungua ikanipiga puani, nikazima. Kuku tu ndio waliosikika. Mama akatokea mlangoni akijifunga kilemba. "Kuna nini?" Nikamwambia pipa limepinduka. Uongo ule ulitoka wenyewe, sikuupanga. Mama akatazama pipa, akanitazama mimi, akarudi ndani.

Baba alifika Jumamosi asubuhi na mapema kwa lori la mahindi, anapiga mluzi. Nikamwambia palepale, pipa lilipinduka, baba, injini ikanywa hewa. Mluzi ukakatika. Alifungua pampu, akatoa kile kidude cha mpira. Meno yote yameyeyuka, yamebaki kama ufizi wa kibogoyo. Hakunipiga. Natamani angenipiga. Alikaa kwenye ukingo wa trela amekishika kiganjani akasema, "Cha hivi kinapatikana Nairobi." Na mpaka wa Kenya miaka hiyo ulikuwa umefungwa.

Aliyeinuka kwanza ni mama. Aliingia ndani akatoka na buti lake la mvua, la kushoto, na mkasi wake wa kushonea ambao hata karatasi alitukataza kuukatia. "Pima hapa," akamwambia baba, akimwonyesha kisigino. Baba akachora kwa msumari, mama akakata, baba akalainisha kwa msasa. Walifanya kazi hiyo wameinamisha vichwa pamoja, hawasemezani ila "geuza" na "hapo hapo", na miezi mingi nilikuwa sijawaona wamekaa karibu namna hiyo. Mimi nilitumwa kujaza pipa kwa yale madebe mawili, na mama mwenyewe akaazima jingine kwa jirani. Saa tano hivi wakaiwasha. Maji yakatoka nyuma, si kwa nguvu, lakini yakatoka. Petro akapiga makofi.

Bwana Kimaro alikuja mchana, mnene, mcheshi, amevaa kofia ya pama. Akaizunguka boti, akapapasa viti vya mama akavisifu, akasema, "Fundi, hii ni bibi harusi!" Baba akaiwasha. Maji yakatoka. Bwana Kimaro akapeleka mkono kwenye shati, akatoa bahasha. Mimi nilishamwona Sista anaingia langoni. Baba akazima injini. "Kabla hujanipa hiyo," alisema, "kuna jambo ulijue. Mpira wa pampu umeungua. Huu uliomo tumeukata kwenye buti. Hapa unafanya kazi. Katikati ya ziwa na watu ishirini, sijui." Bwana Kimaro aliishika bahasha ile muda mrefu. Kisha akairudisha shatini. "Umenisaidia, fundi. Ila nina wateja wenye watoto mgongoni, siwezi kuwapandisha juu ya kisigino cha buti. Ukiupata wa kweli nitafute." Akala chakula, akashukuru, akaondoka na trela yake mwenyewe ikiwa tupu. Nilimtazama mama. Alikuwa anakusanya sahani, na kwa jinsi alivyomtazama baba niliona kwamba hakumlaumu kwa kusema kweli. Hilo liliniumiza zaidi, maana mimi nilikuwa bado na uongo wangu.

Kahawa ikaisha wiki mbili baadaye. Mzee Gwandu, kwa adabu, alipita kwetu kuaga, na Sista alikuwa nyuma yake kwa kamba. Safari hii mama hakwenda shambani. Alimkuna kichwa kile cheupe, akamsemesha Kiiraqw cha kwao kwa sauti ya chini, akampisha njia. Mwaka uliofuata dereva mmoja alipata mpira wa kweli sijui kwa njia gani, boti ikauzwa Mwanza, baba akamnunulia mama ng'ombe wawili. Walikuwa ng'ombe wazuri. Mama aliwakamua kila siku na hakuwapa majina.

Siku hizi mimi ni mtunza stoo katika hoteli moja njiani kuelekea lango la Ngorongoro. Tuna bwawa la kuogelea, wageni wakirudi kreta wanajitosa humo kuondoa vumbi, na kijana mmoja kazi yake ni kuliongezea maji kwa bomba asubuhi nzima. Kule nyumbani mama ana koki jikoni, ya kisima kirefu, akiifungua inamwagika bila kusubiri. Baba hayupo tena. Watoto wa Petro wanakunywa maziwa ya paketi na hawajui kwamba uwanjani kwa babu yao palikuwa na boti. Nikiwaambia wananiambia, shangazi, acha kutudanganya.

Mwaka jana nilikuwa naosha vyombo kwa mama, yeye amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, na sijui kilichonisukuma. Nikafunga koki nikasema, "Mama, lile pipa halikupinduka."

"Najua," akasema. "Chini palikuwa pakavu."

Miaka yote hiyo alijua. Nikauliza mbona hakusema, akasema baba yangu alikuwa na mzigo wa kutosha siku ile, na mimi nilikuwa mtoto. Kisha akaacha maharage. "Lakini sijaelewa hata leo. Wewe ulikuwa unajua ile mashine kuliko mtu yeyote. Kwa nini uliiwasha kavu?"

Nikamwambia. Kwamba alikuwa amelala, miguu ina vumbi, na yalibaki madebe mawili tu mlangoni, nikamwonea huruma, nikashindwa kumwomba maji ya boti iliyomwondoa Sista.

Mama alinitazama mpaka nikainamisha macho, mwanamke mzima wa miaka yangu.

"Madebe mawili," alisema. "Ungeniamsha, Martina. Ningekupa."