Karo Lililoitwa Tanki la Maji ya Mvua

Bosi wangu alikuwa na tabia ya kula akiwa amekaa mbele ya kompyuta. Mara nyingi ilikuwa chipsi mayai kutoka kwa muuzaji wa chini ya ngazi, na alikula kwa mkono uleule alioshikia mausi. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimeganda mafuta, na kila nilipotaka kuchora baada yake nililazimika kukifuta kwanza kwa kitambaa chenye spiriti. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale nilidhani hilo ndilo jambo chafu kuliko yote nitakayoyaona katika ofisi ile.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Babati mjini. Tulikuwa wawili. Yeye alikuwa injinia, mtu wa kukutana na wateja, kucheka nao, kusaini. Mimi nilikuwa mchoraji. Mteja akishaondoka, bosi alinieleza kiwanja kikoje na nyumba iweje, nami nikaingia kwenye programu ya kuchorea nikaanza na kuta.

Vitu vinavyojirudia kwenye kila nyumba hatukuvichora upya. Mlango, dirisha, sinki, karo la choo, yaani lile shimo la majitaka, vyote tulikuwa tumeshavichora mara moja na kuvihifadhi kama alama. Ukitaka karo, unaichukua alama yake na kuiweka unapotaka, hata mara kumi. Ndani ya alama kuna maandishi yanayoenda nayo, ili fundi akifungua karatasi ajue kile kiduara ni nini. Tuliandika kwa Kiswahili kwa ajili ya mafundi: KARO LA CHOO. Maandishi hayo ukiyabonyeza hivihivi hayabadiliki. Lazima uifungue alama yenyewe, ubadilishe maneno humo ndani, uhifadhi na kuifunga. Ukishafanya hivyo, kila mahali alama ile ilipo kwenye faili, maneno yanabadilika kwa pamoja.

Bosi hakuyajua hayo. Alijifunza kuchora kwa kalamu na rula, na kompyuta aliitumia kwa kunung'unika. Siku moja mteja alirudisha mchoro akicheka, kwa sababu kila choo cha nyumba yake kilikuwa kimeandikwa CHUO. Bosi alibonyeza yale maneno mpaka akachoka. Nikavuta kiti nikamwonyesha namna ya kuifungua alama. Nikafuta ile U, nikaandika O, nikahifadhi, na vyuo vyote vikawa vyoo papo hapo.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema. Akaniomba nimwonyeshe tena, safari hii afanye mwenyewe. Alifurahi kama mtu aliyepewa ufunguo wa gari.

Baada ya hapo tukapata kazi ya gesti moja mtaa wa Bagara. Mwenye gesti alitaka vibanda vitano vya wageni, kila kimoja na choo chake ndani, kwenye kiwanja chembamba. Nyuma ya kiwanja, ng'ambo ya ua, kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mwenye kisima. Nilikiona nilipoenda kupima. Mji wetu uko karibu na ziwa na maji hayako mbali chini ya ardhi, kwa hiyo makaro yote niliyaweka mbele, mbali na kisima.

Mwenye gesti hakupenda. Mbele alitaka wageni waegeshe magari.

"Yahamishie nyuma," bosi akaniambia.

"Nyuma kuna kisima cha jirani. Kibali hakitatoka, na hata kikitoka, mimi siwezi kuchora hivyo."

Akatabasamu. "Basi niachie hilo faili. Nitaongea na mteja mwenyewe."

Nikamwachia. Kibali kilitoka, gesti ikajengwa, na mimi nikaendelea na kazi nyingine nikiamini kwamba mteja alikuwa ameelewa.

Miezi ikapita. Tukapata nyumba ya familia moja kule Nakwa. Kama tulivyozoea, nilianza kwa kunakili faili la gesti, nikafuta majengo yake, nikabaki na alama ili nisiziandae upya. Maandishi ya alama yalikuwa madogo na mimi niliyajua kwa moyo, kwa hiyo sikuyasoma. Ujenzi ulipofika kwenye mabomba ya choo, fundi akanipigia simu.

"Dada, mambo. Hapa nimekwama kidogo."

"Poa. Umekwama wapi?"

"Bomba la choo umelielekeza kwenye tanki la maji ya mvua. Huyu mzee mwenye nyumba anataka kunywa nini?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia asubiri, nikafungua mchoro, nikaukuza. Pale palipotakiwa kuwa KARO LA CHOO paliandikwa TANKI LA MAJI YA MVUA. Mimi sijawahi kuandika maneno hayo maishani mwangu. Nikamwambia fundi asitishe kazi hiyo kwa siku ile, nikafungua faili la gesti. Makaro matano yalikuwa yamepangwa nyuma, karibu na ua, na kila moja lilikuwa limeandikwa tanki la maji ya mvua.

Bosi alikuwa mezani kwake anakula.

"Bosi, maandishi ya karo yamebadilishwa kwenye faili la gesti."

"Ndiyo. Niliyabadilisha mimi. Si ulinifundisha?"

"Kule nyuma kuna matanki ya mvua?"

"Kuna makaro. Wewe unajua, mimi najua, fundi anajua. Aliyetakiwa kusoma tanki ni mtu wa vibali tu."

"Na yule mama mwenye kisima?"

Alipangusa midomo kwa kipande cha mchoro wa zamani. "Yule ana bomba la mtaa pale nje. Kisima ni mazoea yake." Akaona bado nimesimama. "Usilikuze jambo hili. Sikugusa hata ukuta mmoja. Nilibadilisha maneno tu. Nyumba inajengwa kwa mawe na saruji, haijengwi kwa maneno."

Aliyasema akitafuna, na mate yenye tomato yakamrukia kwenye kioo cha kompyuta. Safari hii sikuchukua kitambaa. Tangu mwanzo alijua jambo hilo ni ovu, na bado halikumpunguzia hamu ya kula.

Nikachukua bodaboda mpaka Bagara. Kwa nje gesti ilipendeza, rangi ya krimu, maua kwenye ndoo za rangi zilizokatwa. Sikuingia. Nilizunguka mpaka kwa jirani nikapiga hodi. Alikuwa mwanamke aliyeshapita makamo, mtu wa milima ya Mbulu kwa lafudhi yake, na alikuwa anasafisha banda la ng'ombe wake wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata maziwa?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyechora ile gesti."

Aliegemeza beleshi lake ukutani. Hakunikaribisha kukaa. "Ni wewe," akasema. "Basi njoo uone."

Akanipeleka kisimani, akashusha ndoo, akaivuta. Juu ya maji kulikuwa na povu jembamba, la rangi ya kijivu. Nikainama kunusa. Ilikuwa harufu ya sabuni, zile sabuni ndogo za waridi wanazowekewa wageni vyumbani, na chini ya waridi kulikuwa na mavi. Harufu mbili pamoja, moja ikijaribu kuifunika nyingine. Ningevumilia mavi peke yake. Nimekulia kwenye nyumba ya mifugo. Kilichonishinda ni yale manukato.

"Ng'ombe ndio waliokataa kwanza," akasema. "Nikawapiga, nikadhani wana ukaidi. Mimi mwenyewe nimekunywa chai ya maji haya nikawa najiuliza mbona majani ya siku hizi yananuka sabuni. Nikaongeza majani. Nikaongeza sukari. Mpaka mjukuu alipoharisha tukaenda naye zahanati."

"Uliwaambia wenye gesti?"

"Niliwaambia. Wakanionyesha karatasi. Karatasi inasema pale ni maji ya mvua. Mwanangu, mimi pua ninayo. Karatasi haina pua."

Nilitoka pale nikatapika kwenye mtaro wa barabarani. Mwendesha boda akaniuliza kama nina malaria. Nyumbani niliosha mikono kwa maji ya moto, nikaiosha tena, na bado niliisikia ile harufu ya waridi chini ya kucha.

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya bosi. Nikachapa kwanza mchoro wa gesti kama ulivyopelekwa kuombewa kibali. Halafu nikaifungua ile alama, nikafuta maneno yake, nikaandika KARO LA CHOO, nikahifadhi. Matanki matano yakabadilika yote mara moja. Nikachapa tena. Nikazikunja karatasi zote mbili, nikampitia yule mama, tukaenda pamoja kwa bwana afya.

Bwana afya alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizitandaza karatasi mezani akazilinganisha.

"Sioni tofauti," akasema.

"Soma maandishi ya kwenye viduara."

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Nani alibadilisha?"

"Aliyesaini pale chini."

Alituuliza ni vyumba vingapi vimeshaanza kupokea wageni, na mjukuu anaendeleaje. Mchana alienda kwenye gesti na chupa yenye dawa ya kijani ya kufuatilia maji yanakokwenda, akaimimina kwenye choo cha kibanda cha nyuma na kuvuta maji mara kadhaa, mwenye gesti amesimama mlangoni akilalamika kwamba wageni watashtuka. Siku chache baadaye yule mama alinipigia simu asubuhi akasema, "Njoo." Ndoo ilikuwa ya kijani. Kijani hafifu, kama maji yaliyochemshiwa mboga, lakini hakuna aliyeweza kusema ni mvua. Hata mwenye gesti aliyeitwa aangalie aliishia kuziba pua kwa shati.

Vibanda vyote vilifungwa. Makaro yakanyonywa na gari, yakafukiwa, na mwenye gesti akaamriwa kujenga karo moja kubwa lililozibwa kwa saruji mpaka chini, mbele kabisa, palepale alipotaka magari yaegeshwe.

Bosi hakunifukuza. Aliniita akaniambia nimemuuza, akaniuliza alinikosea nini. Nilipoanza kumjibu aliinua mkono nikae kimya, kwa sababu simu ilikuwa inaita, na kwenye simu nikamsikia akimweleza mtu kwa sauti tamu kabisa: "Lilikuwa kosa la maandishi tu. Binti yangu wa ofisini alikosea alama. Unajua tena kompyuta." Alikuwa ananitazama usoni wakati anasema hivyo. Nikachukua mkoba wangu na kitambaa changu, nikashuka ngazi.

Bado anachora, au anachorewa. Wateja bado wanapanda ngazi zile, na wapo wanaonisikitikia nikikutana nao sokoni kwa lile kosa langu la alama. Mwanzoni nilikuwa naeleza. Siku hizi nawatazama tu, na mdomoni ninapata ladha ileile ya siku ya mtaroni.

Mimi sasa nafanya kazi nyumbani Maisaka, chumba cha mbele. Familia ya Nakwa walinifuata huku, mchoro wao nikausahihisha, karo lao likachimbwa kama karo.

Kisima cha yule mama hakikupona. Bwana afya alimwambia asikitumie tena, hata kwa kufulia. Alipoamua kukifunika nilienda kumsaidia kuchanganya zege pamoja na mkwewe. Tulikoroga kwa beleshi lake, ng'ombe wakitutazama. Tulipomaliza alinawa mikono kwa maji ya bomba, akanimiminia na mimi, akaniambia nikitaka kuja tena nipige simu kwanza, kwa sababu alikuwa bado hajaamua kama ananipenda.