Kisanduku cha Baba

Faili la kahawa la chama chetu cha msingi, pale Mbinga, lilikuwa kubwa kiasi kwamba ukilifungua asubuhi unaweza kuteremka Liuli, ukaoga ziwani, ukarudi ukakuta bado linafunguka. Kila mkulima alikuwa na mstari wake wa Excel, na kila msimu kisanduku chake cha kilo. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nilipewa kazi ya kulihamishia kwenye mfumo mpya wa mtandaoni.

Mara ya kwanza nililipakia zima zima. Kompyuta ikakohoa kama lori linalopanda mlima wa Kingerikiti, ikazimika. Nikakumbuka tulivyofundishwa: livue faili rangi na fomula, ligeuze kuwa CSV, yaani maandishi matupu yenye mikato, likate vipande, pakia kimoja kimoja. Vipande vikaingia mbio hadi nikajiona waziri. Halafu mfumo ukagoma. Haukutaka kisanduku kitupu kwenye safu ya kilo.

"Msomi wa usiku," akasema karani wa mizani, "jaza sifuri kote, twende tukale."

Nikajaza. Amri moja tu, vitupu vyote vikapata sifuri, kazi ikasonga.

Mama akaingia na bakuli la ugali na usipa, dagaa wa ziwani. Tangu baba afariki mwaka jana, ananiletea chakula kazini kana kwamba nami naweza kupotea. Nikataka kumringia, nikamtafutia jina la baba kwenye mfumo.

"Hiki cha mwisho nini?"

"Sifuri, mama. Kilo za msimu uliopita."

"Alipeleka debe tupu?"

"Hapana, hakupeleka."

Akaweka bakuli chini. "Baba yako hakupeleka? Aliyekuwa anafika mizani kabla ya mwenye mizani?"

 Baba alifariki kahawa ikiwa nyekundu. Nyumbani kwetu, kabla matanga hayajaondolewa, hakuna anayeshika jembe wala kuchuma. Tulikaa tu. Watu huwa nawaambia kwamba buni zilianguka kwa kishindo mpaka waombolezaji wakadhani mvua ya mawe. Ukweli ni kwamba zilikauka mitini, kimya, na sote tulikuwa tunaziona.

"Mama, shikamoo," karani akajitosa. "Hiyo ni kompyuta tu."

"Marahaba, baba. Na wewe ukifa wakuandikie sifuri?"

Karani akacheka, kisha akaacha.

Nikafuta vyote vilivyoingia. Nikabadilisha mpangilio wa safu ya kilo ili ikubali kisanduku kitupu. Waliofika mizani kahawa yao ikakataliwa, hao wakabaki na sifuri yao ya haki, iliyokuwa tayari kwenye faili la zamani. Nikaanza upya, kipande kwa kipande. Karani hakwenda kula. Alivuta kiti akawa ananisomea namba za vipande ili nisiruke kimoja. Mama alikaa juu ya gunia, mikono mapajani, vilevile alivyokaa matangani.

Jua lilipoanza kuinama, kipande cha mwisho kikaingia. Nikamwita mama. Misimu ya baba ikajipanga, kilo juu ya kilo, na mwishoni kisanduku cheupe kisicho na kitu.

Akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Hapo tulikuwa tumekaa," akasema.

Mimi ninayeweza kumchekesha hata mtu anayeumwa jino nikatafuta utani, sikuupata. Nikafunua bakuli. Ugali ulikuwa umepoa, ukawa mgumu. Nikala wote, mama akinitazama.