Kumi na Moja Imo Ndani

Baba mdogo alikuwa mchonga mihuri, na mchonga mihuri huandika kinyume. Ukitaka muhuri usomeke vizuri kwenye karatasi, lazima uchonge raba herufi zikiwa zimegeuka, kutoka kulia kwenda kushoto. Ndiyo maana alipenda namba zinazosomeka sawa kutoka pande zote mbili.

"Hizi hazina mbele wala nyuma," aliniambia. "Tena zina siri. Andika yoyote, ndefu upendavyo, ila idadi ya tarakimu zake igawike kwa mbili. Kumi na moja imo ndani."

Mimi mbishi wa kuzaliwa, nikaandika namba ya kuvuka ukurasa mzima. Nikaigawa kwa kumi na moja mpaka jasho likanitoka. Hakikubaki kitu.

"Jumlisha tarakimu ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, twende hivyohivyo," akacheka. "Kila uliyoijumlisha, pacha wake wa upande wa pili umemtoa. Unaishia sifuri. Na ukiishia sifuri, kumi na moja imo."

Niliitazama tena namba yangu. Nani aliipanga hesabu hiyo kabla yetu?

Kisha kiharusi kikamnyang'anya maneno na mkono wa kulia. Tulimpa kalamu ashike kwa kushoto, akatoa mikwaruzo isiyosomeka. Daktari akatikisa kichwa. Tangu hapo mama mdogo, mkewe, akaacha kusema naye, akawa anasema juu yake. Siku moja, pale pale kando ya kitanda, alianza kupanga kuuza visu vyake vya kuchongea.

"Mwenyewe hajui lolote tena, maskini."

Roho iliniuma. Nikachukua karatasi, nikaandika 48211284, nikamwekea mbele. Akaitazama. Pembe ya mdomo ikacheza. Akashika kalamu, akakwaruza chini yake polepole.

"Umeona?" mama mdogo akasema. "Yaleyale. Mwache mzee wa watu apumzike."

Niliinua karatasi ili niikunje, nikiwa nimeelekea dirishani. Jua likapenya, nikaona maandishi yake kwa nyuma: 4382844. Nikaizidisha kwa kumi na moja, nikarudia, nikapata namba yangu ileile. Kumbe hakuwa akikwaruza. Alikuwa akiandika kama alivyoandika maisha yake yote, na hesabu nzima ilikuwa imetulia kichwani mwake, haijapotea hata tarakimu moja.

"Mama mdogo, ile karatasi aliyoikwaruza mara ya kwanza iko wapi?"

Alikuwa amefunikia nayo glasi ya maji. Nikaigeuza, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha. Lilikuwa neno moja tu, limerudiwa mstari baada ya mstari: Nawasikia.

Mama mdogo alilisoma mwenyewe, kidole kikifuata herufi juu ya kioo. Kisha akarudi, akaketi kitandani, akamshika ule mkono wa kushoto.

"Mume wangu," akamuuliza, "visu vyako nikuwekee wapi?"