Koti la Sita

Usije ukaniambia nilikuwa nimelewa. Siku ile nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na maandazi mawili, basi. Na wala haikuwa usiku. Ilikuwa kabla ya saa kumi na moja jioni, watu wanarudi kutoka shamba na majembe yao, na tuliokiona kile kitu tulikuwa sita. Wengine wapo mpaka leo, wanakula na kulala mjini Arusha hapa hapa. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu mbele huko hutacheka.

Kazi yangu ni kuongoza watu kwa baiskeli. Si zile mbio za vijana wa kurukaruka kwenye mawe, hapana. Njia zetu ni za upole. Tunaanza juu, karibu na barabara ya Momela, tunateremka taratibu katikati ya kahawa na migomba, tunavuka mifereji ya kumwagilia, mpaka Usa River. Wenye nguvu wanaendelea hadi Nduruma. Hata bibi yako, akijua kukaa kwenye tandiko, atafika.

Naongoza na mwenzangu Lomayani. Mimi natangulia, yeye anakaa nyuma kabisa ili asipotee mtu. Lomayani ni Mwarusha, na tulikuwa na ugomvi wetu mmoja wa kudumu. Mimi kila kituo nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, haya twende. Yeye hahesabu. Kwao watu hawahesabiwi, na ng'ombe pia. Anapita akimwangalia kila mtu usoni, mmoja mmoja, anachukua dakika nzima. Nilikuwa namtania, "Loma, mpaka umalize kuwachumbia wageni jua limezama." Naye ananijibu, "Dada, watu siyo viazi." Nilimwona mshamba tu.

Jumamosi hiyo tulikuwa na wageni watano. Walimu watatu wa sekondari, na Mzee Kirit, Mhindi mwenye duka la vipuri, mzaliwa wa Arusha ambaye Kiswahili chake kinashinda changu. Wa tano alikuwa Neema, mdogo wangu. Mgeni mmoja alikuwa ameahirisha, nikamvuta Neema ashike nafasi. Hakutaka. Alisema anaogopa kuteremka. Nilimwambia aache uvivu. Mama alipofariki tulibaki wawili tu, mimi na yeye, nami ndiye niliyemlea, kwa hiyo nikisema neno huwa linakwisha hapo. Akapanda baiskeli.

Tulipofika kwenye kahawa, manyunyu yakaanza na ukungu ukashuka kutoka mlimani. Nikafungua begi nikagawa makoti ya mvua. Ya wageni ni ya rangi ya chungwa, na siku hiyo yalikuwa matano kamili. Mimi na Lomayani tunavaa ya bluu. Kila mtu akavuta kofia ya koti juu ya helmeti, na kuanzia hapo nilichokuwa nikiona nyuma yangu ni makoti tu.

Kabla ya kidaraja cha magogo kinachovuka mfereji mkubwa, tairi la Lomayani likapata pancha. Akapaza sauti tuendelee, angetukuta mbele. Tukavuka. Mbele kidogo, kwenye uwazi wenye migomba pembeni, nikasimamisha kikosi tumsubiri. Nikahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Wametimia. Nikatoa mfuko wa karanga za kukaanga, nikapita nikimmiminia kila mtu kiganjani.

Yule wa mwisho alikuwa amesimama kando, karibu na migomba, ametugeuzia mgongo. Nilijua ni Neema amenuna. Sikumwangalia usoni, si nilikuwa nimekasirishwa na kununa kwake? Niliona baiskeli yake tu. Sisi wote tulikuwa na tope mpaka magotini, matairi yamevimba kwa udongo. Ya kwake ilikuwa safi, imekauka. Nikamtania, "Wewe, umebebwa?" Akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka. Nikamimina karanga. Vidole vyangu viligusa mkono wake, na ulikuwa wa baridi. Nikajiambia ni mvua. Ungejiambia nini wewe?

Dakika kumi baadaye Lomayani akatokea kwenye ukungu, anahema. Akaegesha baiskeli, akaanza mambo yake ya kuangalia nyuso. Mwalimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee Kirit. Akasimama.

"Dada, Neema yuko wapi?"

"Si huyo hapo."

"Wapi?"

"Huyo kwenye migomba! Loma, nimeshahesabu, wako watano."

Akatazama lile koti kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyo simjui."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikaita, "Neema!" Walimu wote watatu walinigeukia. Mzee Kirit pia. Koti lile halikutikisika. Nikaita tena, safari hii jina lake lote alilobatizwa, kama mama alivyokuwa akimwita akikosea. Ndipo lilipogeuka.

Watu wakinisikiliza hapa hutegemea nitaje macho ya moto, au kwato. Hakukuwa na kwato. Chini ya kofia ile kulikuwa na uso wangu. Uso wangu mimi ninayeongea nawe, na kovu langu la kidevuni nililopata nikijifunza baiskeli. Uliniangalia kwa upole, kama mtu anayekuambia usijali, kila kitu kiko sawa. Halafu kile kitu kikasukuma baiskeli yake kwenda nyuma ya mgomba. Mgomba mmoja, mwembamba. Hakikutokea upande wa pili.

Mwalimu mmoja alikaa chini kwenye tope bila kujua. Mzee Kirit akawa anarudia maneno yale yale, "Mimi nimempa maji. Nimempa chupa yangu, amepokea." Niliganda kabisa, sitaki kukudanganya. Lomayani ndiye aliyenishika bega akanitikisa mpaka meno yakagongana.

"Dada! Mdogo wako yuko wapi?"

Tulirudi tukikimbia, baiskeli tumeziacha. Na hapo nikakumbuka jambo lililonitoa jasho kwenye baridi ile. Mfereji ule ni wa zamu. Mchana unakuwa mkavu, lakini saa kumi na moja wanafungua maji juu ili watu wa chini wamwagilie. Niliangalia saa. Ilikuwa imebaki dakika nane.

Neema alikuwa chini ya kidaraja. Alikuwa ameteleza kwenye magogo akaanguka na baiskeli, imemlalia, mguu umepenya kwenye spoku za gurudumu na mfupa umevunjika. Lomayani alikuwa amepita juu yake kabisa muda mfupi uliopita na hakusikia chochote. Neema alikuwa amelala kimya, macho wazi, anatungoja. Kando ya kichwa chake, juu ya jiwe, kulikuwa na kirundo cha karanga. Mvua ilikuwa inanyesha, na karanga zile zilikuwa kavu.

Nikaruka ndani ya mfereji huku nikilia. "Neema, kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukuniita?"

Alinishangaa. "Si wewe umeniambia nisipige kelele? Umekuja, umeniwekea karanga, ukasema nitulie unakwenda kuwahesabu wenzangu kwanza. Nikajiuliza mbona dada leo amevaa koti la wageni."

Lomayani alikuwa ameshatoa koleo lake, anakata spoku moja baada ya nyingine. Tulisikia maji kabla ya kuyaona. Yalifika yakiwa na majani makavu na takataka mbele, yakanipanda magotini, kisha kiunoni. Nilikishika kichwa cha Neema juu ya maji kwa mikono yote miwili. Spoku ya mwisho ilipokatika, maji yalikuwa yamefika kidevuni mwake. Tukamvuta ukingoni, Mzee Kirit akatusaidia na umri wake ule. Karanga zilikwenda na maji, nami nikashukuru.

Neema yu hai. Anachechemea kidogo wakati wa baridi. Tulisali, mchungaji akaja nyumbani, wazee wa kule juu nao wakaulizwa, na kila mmoja alitoa maelezo yake. Sijui nani mkweli. Mimi ninachojua ni kwamba makoti niliyorudisha kwenye begi jioni ile yalikuwa matano, yale yale niliyogawa. Lile la sita halikutoka kwenye begi langu.

Kinachoniuma ni kitu kingine. Tangu siku ile, nikienda kwa Neema na kubisha hodi, hafungui mlango. Kwanza anachungulia dirishani, ananitazama usoni muda mrefu, ndipo anauliza, "Dada, ni wewe?" Namjibu ni mimi. Naye bado anasita. Mimi niliyembeba mgongoni! Siwezi kumlaumu. Kwake yeye kile kitu kilijisumbua kutafuta uso wangu na sauti yangu. Kwangu hakikujisumbua. Kilivaa koti tu, kikasimama kwenye mstari, na mimi nikakihesabu kuwa mdogo wangu.

Kwa hiyo wewe unayepeleka kwaya safari, unayerudisha watoto wa shule, unayeongoza wageni porini au ndugu zako msibani, nakuomba. Usihesabu vichwa. Ita jina, ungoje sauti ijibu, kisha mwangalie mtu usoni mpaka ujue ni yeye. Mimi sasa nafanya hivyo kila kituo, na wageni wananicheka kwamba nachelewesha safari. Nawaacha wacheke. Jumamosi iliyopita, pale pale kwenye migomba, niliita majina matano, nikajibiwa mara sita.