Apondi Agoma Jina Lake Kutiwa Dawa

Ni saa nne asubuhi, mtaa wa Huruma, na Apondi anagombana na chungu. Moto umezidi. Anavuta ukuni mmoja nje, anauzima kwenye jivu, anakitukana chungu kwa Kijaluo, kisha anakaa kwenye kigoda na kufuta jasho kwa leso.

"Hii kitu haitaki haraka," asema. "Ukiikimbiza, inalipiza kwa tumbo la mtu."

Hii kitu ni chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Naam, ile ile iliyopigwa marufuku mwaka jana. Lakini msomaji asikunje uso kabla hajaona kilichomo. Ni mtama mwekundu uliolowekwa hadi ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukachachushwa na wimbi na sukari guru. Basi! Juu ya mdomo wa chungu kuna sufuria ya maji baridi. Mvuke ukiigusa hugeuka matone, yakadondokea kibakuli kilichowekwa ndani.

Matone ya mwanzo Apondi huyamwaga. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na mamake huko Yimbo. Na kuna sharti jingine: mpishi hunywa kwanza, mbele ya mgeni wake.

"Kama mimi naogopa kuinywa, wewe unainywa ya nini?" auliza.

Sharti hilo ndilo lililomkosanisha na Mutisya, dereva wa lori, aliyekuwa akichukua karibu nusu ya chang'aa yake na kuiuza Dandora. Siku moja Mutisya alikuja na mkebe wa dawa usio na maandishi.

"Shemeji, kijiko kimoja tu kwa kila debe," alimbembeleza. "Watu siku hizi wanataka inayopiga."

"Wewe umeionja?"

"Mimi ni muuzaji, sinywi."

"Basi beba mkebe wako. Kwangu hauingii, ng'o!"

Mutisya akaondoka na biashara yake. Nyumbani kwa Apondi uji ukawa chakula cha mchana na cha jioni. Mumewe, Ochola, mfanyakazi wa reli, alimsihi alegeze kamba, angalau kwa ajili ya watoto. Apondi alikataa. Alilia, ndiyo, lakini alikataa.

Kisha akasikia habari iliyomchoma zaidi ya njaa: Mutisya sasa anapika yake, anaitia ile dawa, na anaiuza akiiita "ya Apondi".

Jumapili iliyofuata alitoka kanisani na kitambaa chake cheupe kichwani, akaenda moja kwa moja hadi Dandora. Wateja walikuwa wamejaa uani kwa Mutisya.

"Nipe ya Apondi," alisema.

Mutisya angefanyaje? Alimjazia kikombe. Apondi akamrudishia.

"Anza wewe."

Matheka, mchonga vinyago aliyekuwa mteja wa Apondi tangu zamani, alikuwa ameshika kikombe chake.

"Kunywa basi, Mutisya, tukuone," alisema.

Mutisya alicheka, akasema tumbo linamsumbua. Matheka akamwaga chake chini, na wengine wakamfuata.

Juma hilo hilo polisi walifika mlangoni kwa Apondi bila kuuliza njia. Vyungu vilivunjwa vyote, naye akafungwa miezi mitatu. Nani aliyewaelekeza? Apondi anabetua midomo tu. Alipotoka jela, kesho yake alikuwa sokoni akichagua vyungu vipya.

"Ya kiwandani inawekwa kwenye chupa, inalipiwa kodi, na wakubwa wanainywa harusini," asema kwa hasira. "Yangu nimerithi kwa mama, nalipia kwa kifungo. Hiyo ni haki? Wanipe leseni na mimi nilipe kodi. Nitundike kibao hapo mlangoni, kila mtu asome."

Mpaka siku hiyo ifike, anasema, atapika.

Mwandishi wa makala haya alimshauri jina lake libadilishwe gazetini, maana sheria ni msumeno. Apondi aliangua kicheko, kisha akakikatiza ghafla.

"Unibadilishe jina? Jina hili si ndilo nililolipigania kwa Mutisya? Andika Apondi, mke wa Ochola, wa Huruma. Wakija watanikuta."